Taa ya oili ikiwaka, injini izimwe kwanza

Taa nyekundu yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone ndiyo taa ya presha ya oili. Dereva anapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hiyo huwaka pamoja na nyingine za dashibodi, na injini ikishaanza kunguruma huzimika ndani ya sekunde chache. Isipowaka kabisa swichi inapofunguliwa, huenda balbu imeungua au waya umekatika, na gari linatembea bila mlinzi. Ikiwaka safarini, ama presha imeshuka chini ya kiwango ambacho injini inaweza kukivumilia, ama kifaa kinachoipima kimeharibika. Dereva aliyeshika usukani hana namna ya kutofautisha hayo mawili, kwa hiyo salama yake ni kulichukua lile la kwanza kuwa kweli.

Wengi hudhani taa hii hupima wingi wa oili. Sivyo. Kwenye injini hufungwa swichi ndogo inayokutana na oili inayosukumwa na pampu. Katika magari mengi madogo, swichi hiyo huiwasha taa presha inaposhuka hadi karibu bar 0.3 au 0.5. Injini nzima iliyokwisha kupata moto huwa na takribani bar 1 ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kati ya bar 3 na 5 ikiwa kwenye mwendo. Ina maana kwamba taa inapowaka gari likiwa kasi, presha imekwisha kuporomoka vibaya. Baadhi ya magari yana taa nyingine ya njano inayoonyesha kuwa oili imepungua. Hiyo humpa dereva nafasi ya kufika mahali pa kuongeza. Nyekundu haitoi nafasi hiyo.

Uzito wa onyo hili unaonekana ndani ya injini yenyewe. Pampu hufyonza oili kutoka kwenye sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, kupitia wavu wa kuchuja, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma kwenye njia nyembamba hadi kwenye beringi za krankshafti, konrodi na kamshafti. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krankshafti hugeuka mara 50 kila sekunde. Haizunguki chuma juu ya chuma, bali huelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, vyuma hugusana, joto hupanda, na madini laini ya beringi hukwanguka. Ndipo husikika mlio wa kugonga, na mafundi husema injini imenoki. Gari likiendelea kuendeshwa, injini inaweza kukwama, au konrodi ikakatika na kutoboa bloku. Kwenye gari lenye turbo hatari ni kubwa zaidi, kwani shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikitegemea oili hiyohiyo.

Sababu ya kwanza kuchunguzwa ni oili kupungua. Inaweza kuwa inavuja kwenye sili, kwenye filta isiyokazwa vizuri au kwenye nati ya sampu. Sampu iliyogonga jiwe au tuta hupasuka na kumwaga oili yote kwa muda mfupi. Injini iliyochakaa ringi nayo huunguza oili, na dalili yake ni moshi wa bluu. Oili ikiwa chache, taa humulika gari linapokata kona, kufunga breki au kupanda mlima, kwa sababu oili huhamia upande mmoja na pampu ikavuta hewa.

Sababu ya pili ni hali ya oili yenyewe. Oili nyepesi kuliko iliyopendekezwa na mtengenezaji, iliyochanganyika na petroli, au iliyopata joto kupita kiasi hupoteza uzito na kushindwa kushika presha. Iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa hugeuka tope zito linaloziba wavu wa kufyonzea. Zaidi ya hapo, pampu yenyewe inaweza kuwa imechoka, au vali inayodhibiti presha imekwama ikiwa wazi.

Uchakavu wa beringi huja polepole. Nafasi kati ya beringi na shafti ikiongezeka, oili hupita kirahisi na presha haijengeki, kama bomba la maji lenye matundu mengi. Dalili yake ya kawaida ni taa inayopepesa injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa mafuta, kisha kuzimika mwendo unapoongezeka.

Taa ikiwaka barabarani, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, atoke barabarani kwa usalama, na gari likishasimama azime injini mara moja. Asiizime gari likiwa bado linatembea, kwani usukani na breki huwa vizito. Asubiri dakika 5 hadi 10 mahali tambarare ili oili irudi kwenye sampu, kisha apime kwa kijiti na kutazama chini ya gari kama kuna inayodondoka. Ikiwa iko chini ya alama ya chini ya kijiti, aongeze inayofaa na kuwasha injini. Taa isipozimika ndani ya sekunde chache, azime tena. Ikiwa oili ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo, asiwashe kabisa. Gari livutwe hadi gereji.

Huko gereji, kipimo cha uhakika ni kufungua ile swichi ya presha ya oili na kufunga geji ya presha mahali pake. Geji ikionyesha presha sahihi, kosa liko kwenye swichi au waya, na swichi ni kipuri cha bei nafuu. Ikionyesha presha ndogo, uchunguzi uendelee hadi kwenye filta, sampu, pampu na beringi. Fundi anayebadilisha swichi bila kupima kwanza anaweza kumrudisha mteja barabarani na injini inayokufa. Kinga ya yote haya ni kupima oili kwa kijiti kila wiki na kabla ya safari ndefu, kuibadilisha kwa wakati pamoja na filta, na kutumia ile iliyotajwa katika kitabu cha gari.