Ragbi ya wasichana: kubeba maji ni nguvu, lakini goti linaomba kingine

Kuko Kongolo, msichana wa miaka 16 anaweza kubeba bido ya lita 20 toka Lualaba mpaka nyumbani. Hizo ni kilo 20 juu ya kichwa, mara mbili ao tatu kwa siku, na kisha kuna kutwanga. Ndiyo maana watu wengi wakisikia habari ya ragbi ya wanawake wanasema: nguvu wako nayo tayari, wapewe tu mpira.

Nguvu wako nayo, ni kweli. Lakini mwenye kubeba anatembea polepole, mwili umenyooka, mzigo umetulia. Ragbi ni kukimbia, kugeuka kwa gafula, kumkamata mwenye mpira na kuanguka naye chini. Hata ile ya wachezaji saba, inayochezwa Olimpiki tangu 2016, dakika ni 14 tu, lakini kiwanja ni kikubwa sawa kile cha wachezaji 15. Timu ya wanawake ya Kenya ilifika Olimpiki ya Rio na ya Tokyo kwa mchezo huo.

Hatari kubwa iko kwenye goti. Katika michezo ya kuruka na kugeuka, wanawake wanakatika kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wanaume. Ulaya mchezaji anapasuliwa, anangoja miezi tisa ao zaidi, anarudi. Hapa upasuaji wa namna hiyo haupatikani jirani, na goti lile lile ndilo linaenda mtoni na shambani. Kwa hiyo goti litengenezwe mbele ya kugongana, hapana kisha.

Hakuna lazima ya vyuma vya duka. Kuruka na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo na hayaingii ndani: hilo ni zoezi la kwanza, na kocha atazame goti, asihesabu tu. Kuchuchumaa na kusimama, kwanza bila kitu, kisha na mfuko wa mchanga kifuani. Mtu aangalie: bido ile ile ikijaa mchanga inafika karibu kilo 30, si 20. Kupiga magoti, mwenzako ameshika vifundo vya miguu, unashuka mbele polepole: hapo misuli ya nyuma ya paja inafanya kazi, na ndiyo inayolinda goti. Shingo nayo: mkono wa mwenzako kwenye paji la uso, sukuma bila kusogea, sekunde 10, kisha upande kwa upande. Siku mbili ao tatu kwa juma zinatosha, asubuhi ao jioni, juu ya jua.

Tena kocha ahesabu kazi ya nyumbani. Binti aliyelima tangu alfajiri amekwisha kufanya mazoezi ya siku ile. Kumkimbiza jioni ni kumvunja.

Wamama wengine wanaogopa binti atakuwa sawa mwanaume, ao hatazaa. Kubeba uzito hakufungi uzazi. Kinachoweza kusimamisha damu ya mwezi ni kazi nyingi na chakula kidogo. Bukari na sombe peke yake haitoshi kwa mchezaji. Maharagi, ndakala na karanga ziingie, hata kidogo kidogo. Damu ikipotea miezi mitatu, aende kituo cha afya, hata kama anajisikia muzima.

Babalwa Latsha alikulia Khayelitsha, mtaa wa wanyonge wa Cape Town. Anacheza mstari wa mbele, fasi ya kusukumana, na mwaka 2020 alikwenda Uhispania kucheza ragbi ya kulipwa katika timu ya Eibar. Mwanamke wa Afrika hakuwa amefanya hivyo mbele yake katika ragbi ya wachezaji 15.

Na jambo moja lisilongoja mazoezi: mchezaji akigongwa kichwa, akapepesuka ao akasahau matokeo, anatoka. Harudi kiwanjani siku ile, hata akilia.