Riwaya ya Upelelezi Nayo ni Fasihi

Mwalimu akimkuta mwanafunzi na riwaya ya upelelezi chini ya dawati, aghalabu humnyang'anya. Husema ni kitabu cha kupotezea wakati, na mzazi akisikia humuunga mkono. Waulize kosa la kitabu chenyewe: utakuta hawajakisoma.

Tuanze na Unguja. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale. Mauaji yanahusishwa na mahali pa mizimu, mahali ambapo watu wanapaogopa, na mwenye hofu angeishia hapo hapo. Bwana Msa, kiko mdomoni, haridhiki. Yeye si polisi. Hana pingu wala bunduki. Silaha yake ni swali. Nani alikuwa wapi? Nani anasema uongo, na kwa nini? Rafiki yake Najum huona yale yale anayoyaona Bwana Msa, ila maana yake humpita, na sisi wasomaji tumekaa upande wa Najum. Ndiyo kanuni ya riwaya hizi: ushahidi huwekwa mbele ya macho yetu, nasi tukaukosa. Mtu aliyezoea kusoma hivyo hadanganywi ovyo, hata mkutanoni.

Wapo wanaodai kwamba huo ni mwigo wa Sherlock Holmes. Kiko, sawa, hakifichiki. Lakini mazungumzo yale, mambo ya ukoo na siri za majumbani ni vya Unguja, na Kiswahili chake ni kitamu mno. Wengi wanaosifiwa madarasani hawakifikii.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alimleta Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo. Kisha, mwaka 1974, Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na jasusi Willy Gamba alipopambana na vibaraka wa makaburu, kijana aliyepanga foleni kuazima kitabu alijifunza siasa ya kusini mwa Afrika bila kuhutubiwa. Kweli, wanawake wa Musiba ni pambo zaidi kuliko watu. Hilo na lisemwe, tena lisemwe darasani, kitabu kikiwa mezani.

Mwalimu mwenye shaka na ajaribu jambo moja. Awasomee wanafunzi Mzimu wa Watu wa Kale, aifunge kabla ya sura ya mwisho, kisha kila mmoja aandike muuaji ni nani, na kwa ushahidi gani.