Kamera ya ulinzi inapofifia: Riyadh na Jeddah

Picha hafifu ya kamera ya ulinzi humwonyesha mgeni aliye mlangoni kama kivuli, na wizi unapotokea haimtambulishi mtu yeyote.

Mjini Riyadh, ambako joto la kiangazi huweza kupindukia nyuzi 45 za selisiasi, vumbi la jangwani hufunika kioo cha nje. Huko Jeddah, kando ya Bahari ya Sham, unyevu wenye chumvi hupenya ndani ya kamera na kutanda kwenye kioo kama ukungu.

Kwa hiyo kioo husafishwa kwanza. Picha ikiwa ingali hafifu, huenda lenzi yenyewe imesogea.

Katika kamera nyingi za bei nafuu, lenzi ina hesi kama skrubu na hushikizwa kwa gundi kiwandani. Umeme hukatwa, jalada hufunguliwa, na gundi hukwanguliwa polepole. Kisha kamera huwashwa na lenzi kuzungushwa kidogo kidogo, huku picha ikitazamwa. Lenzi ikitoka nje, vilivyo karibu huonekana vyema. Ikiingia ndani, vilivyo mbali.

Kitambuzi cha picha kilicho nyuma ya lenzi hakiguswi kamwe. Mpira wa kuzuia maji nao sharti urudishwe sawasawa, la sivyo ukungu wa Jeddah utarejea.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa usiku. Miali ya infraredi inayotumiwa gizani haikusanyiki mahali pamoja na mwanga wa mchana, hivyo lenzi iliyo sawa adhuhuri yaweza kufifisha picha usiku, wakati ulinzi unapohitajika zaidi.