Siga Ikigoma Kuvutika, Usiilazimishe

Mambo ya siga zamani tuliyaona kwenye sinema tu. Bosi kavaa suti nyeupe, miguu juu ya meza, moshi unapanda taratibu. Sasa yametufikia. Bwana harusi anapiga nayo picha na wapambe wake, kaka aliyepandishwa cheo anapewa sanduku zima na wenzake wa ofisini, na shemeji akirudi kutoka Dubai hakosi kuchomoa mbili tatu kwenye begi.

Na usidhani ni mambo ya Masaki na Oysterbay peke yake. Chukulia Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, jirani kabisa na mpaka wa Malawi. Barabara ya lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole imeisogeza Tunduma karibu, na mzigo ulioshuka Tunduma asubuhi unaweza kuwa Itumba kabla ya chakula cha mchana. Zawadi ya shemeji inafika bila tatizo. Tatizo linaanza siku ya kuiwasha.

Hebu fikiria. Ni Jumamosi jioni mwezi wa pili, mvua imenyesha tangu asubuhi. Wanandoa vijana wamepata wageni, na baba mkwe naye yupo, amekaa kwenye kochi kubwa. Baada ya chakula mwenye nyumba anatoka na wanaume barazani, anakata siga yake, anawasha kwa mbwembwe zote, anavuta. Hakuna kitu. Anavuta tena, mashavu yanaingia ndani kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Moshi unaotoka hata mbu haumfukuzi. Mama mwenye nyumba anachungulia mlangoni: "Baba, hebu iache hiyo, utaanguka bure." Wageni wanacheka. Baba mkwe anakohoa kidogo, kikohozi cha kuficha kicheko.

Kama yamekukuta, au mwenza wako ndiye yamemkuta, makala haya ni yenu wote wawili.

KWANZA, UJUE UMESHIKA NINI

Kamusi zinaiita biri, mtaani tunaiita siga. Siyo sigara iliyonenepa. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa na kufungwa kwenye karatasi. Siga nzuri ni majani matupu ya tumbaku, yamekaushwa, yakavundikwa kwa miezi mingi, kisha yakaviringwa kwa mkono. Ina sehemu tatu: majani ya tumboni, jani la kuyafunga, na jani laini la nje ambalo ndilo tunalolisifia kwa kung'aa. Mwisho wake mmoja umezibwa kwa kijani kidogo kama kofia. Hapo ndipo unapokata.

Ili moshi upite, lazima katikati ya yale majani ya tumboni pawe na vijia vya hewa, kutoka kwenye moto mpaka kwenye mdomo wako. Vijia vikiziba, siga imekaza. Hakuna muujiza mwingine.

KWA NINI INAKAZA?

Sababu kubwa ni tatu.

Unyevu. Hii ndiyo inayowasumbua wengi wa nyanda za juu. Jani la tumbaku linanyonya unyevu wa hewa kama sponji. Muulize mkulima wa Chunya: jani likitoka kwenye bani limekauka mpaka linavunjika ukiligusa, inabidi liachwe lipate unyevu kwanza ndipo lichambuliwe. Likizidisha, linaota ukungu. Siga nayo ni hivyo hivyo. Ikinyonya maji mengi, majani yanavimba, na kwa kuwa yamebanwa na jani la nje, hayana pa kwenda isipokuwa kuziba njia. Ileje mvua ni kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Siga iliyokuwa safi kwenye duka lenye kiyoyozi Dubai, ikilala wiki tatu kwenye droo ya kabati Itumba mwezi Februari, usishangae ikigoma.

Uviringaji. Mviringaji akijaza majani kupita kiasi, akiyasokota kama kamba, au akiacha uti mnene wa jani ndani, panakuwa na fundo. Hapa hata wakubwa wameteleza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dunia ilishikwa na wazimu wa siga, Kuba ikaongeza uzalishaji haraka, na malalamiko ya siga zilizoziba yakawa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya huko vikaanza kutumia mashine za kupima upitaji wa hewa kabla jani la nje halijavishwa. Kwa hiyo ikikukazia, siyo lazima wewe ni mshamba.

Mkato. Kuna watu wanatoboa kitundu kidogo kama cha kalamu, halafu wanataka moshi wa bomba. Wengine wanakata kwa wembe butu, kofia inabonyea na kuziba badala ya kufunguka.

USIVUTE KWA NGUVU

Hili ndilo kosa la wengi. Siga ikikaza, mtu anaongeza pumzi. Matokeo yake ule moshi kidogo unaopita unakuwa wa moto, ulimi unaungua, na ladha inageuka chungu kama dawa ya malaria ya zamani. Moto nao unakwenda upande mmoja. Na katika kuhangaika, mtu anajikuta ameuvuta moshi mpaka kifuani, wakati hata wavutaji wazoefu wa siga wanauishia mdomoni. Kizunguzungu kinafuata, jasho jembamba, wengine mpaka kutapika. Hiyo ni nikotini, siyo mchezo.

Badala ya kupigana nayo, fuata hatua hizi. Zimepangwa kuanzia isiyo na hatari.

1. Ijaribu kabla ya kuwasha. Kata, kisha vuta hewa tupu bila moto. Inatakiwa ipite kwa urahisi, ikiwa na ukinzani kidogo tu. Ukiona ngumu, usiiwashe kwanza. Siga ambayo haijawashwa inaokoleka. Iliyokwisha kuungua nusu ni shida nyingine.

2. Ongeza mkato. Kama ulitoboa, sasa kata. Kama ulikata kidogo mno, punguza tena unene wa shilingi hivi, kwa kikatio chenye makali. Ila usivuke pale kofia inapoishia, maana jani la nje litaanza kufumuka mdomoni kwako. Zile zenye ncha iliyochongoka unaweza kuzikata mara mbili tatu, kila mara tundu linapanuka.

3. Ipapase. Izungushe taratibu kati ya vidole, kuanzia mdomoni kwenda chini. Siga nzima inabonyea kidogo na kurudi. Ukikuta sehemu ngumu kama kijiti, fundo liko hapo. Lisugue polepole kwa kidole gumba, kama unayelainisha embe ili ulinyonye. Ukisikia jani linalia "kwa, kwa", acha, linapasuka.

4. Iache ipumzike. Kama siga nzima imevimba na ni laini kama mkate wa jana, dawa ni muda. Itoe kwenye nailoni, iweke kwenye kisanduku cha mbao mahali pakavu na penye kivuli kwa siku tatu nne, halafu ujaribu tena. Usiianike juani, usiiweke kwenye friji, wala usiifukie kwenye mchele eti inyonywe maji. Ikikauka ghafla jani la nje linachanika, na ladha inaondoka nayo. Mkulima wa Ileje hajazi mahindi ghalani kwa kukisia. Anang'ata punje kwanza. Na wewe bonyeza kwanza.

5. Izibue. Hii ni ya mwisho. Wazee wetu wenye kiko hawakuwa na shida kubwa: kiko kikiziba, mzee anachomoa unyasi mgumu, anapitisha kwenye bomba, anakung'uta, mazungumzo yanaendelea. Siga nayo inazibuliwa, ila ni ya majani, siyo ya udongo wala mti. Kuna vifaa vyake maalum, sindano ndefu zenye meno madogo yanayong'oa vipande vya jani. Ukiwa huna, sindano ndefu safi ya kufumia inaweza kusaidia. Ingiza katikati kabisa, ukizungusha polepole, bila kusukuma kwa nguvu, mpaka ulivuke fundo. Ukienda pembeni utatoboa jani la nje, na siga iliyotoboka inavuta hewa ya barazani badala ya moshi. Kijiti cha meno ni kifupi na kinapanua mdomo mpaka unapasuka. Achana nacho.

6. Ikishindikana, iache. Najua inauma. Siga moja ya Kuba inaweza kula hela ya gunia la mahindi. Lakini kuendelea kuinyonya kwa sababu tu ilikuwa ghali ni kujitesa mara mbili. Kama uliinunua dukani, irudishe umwonyeshe muuzaji. Kama ni zawadi, mshukuru aliyeleta na uchukue nyingine.

KAMA SANDUKU ZIMA LINAKAZA

Hapo usilaumu mkato. Kwanza tazama unakoziweka. Siga zinataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi, na joto la wastani lisilozidi nyuzi 21. Ukiona zinakaza, shusha unyevu kidogo, mpaka asilimia 62 au 65. Siyo lazima ununue lile sanduku la kifahari la mwerezi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana sawasawa, kipima unyevu kidogo, na kipakiti cha kurekebisha unyevu kilichoandikwa kiwango chake, vinatosha. Kipindi cha mvua usiziache wazi, na Juni na Julai baridi kavu ikianza usizisahau humo ndani bila kipakiti. Zikikauka zinavutika sana, zinaungua haraka na kuwasha koo.

Pili, tazama kama hujaingizwa mjini. Siga bandia za Kuba zimejaa duniani. Sanduku lenye mfuniko wa kioo, linaloonyesha siga zikiwa zimejipanga kama samaki wa kopo, ni dalili inayojulikana ya ubandia. Ndani ya siga bandia mara nyingi mna mabaki na nyuti za majani, kwa hiyo moja inaziba na ya pili inapitisha upepo mtupu. Hapo hakuna sindano itakayokusaidia.

NA MWENZA WAKO JE?

Tusidanganyane hapa. Siga siyo salama kuliko sigara kwa sababu ni "ya asili" au kwa sababu huvuti mpaka kifuani. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Moshi unaokaa mdomoni unahusishwa na saratani ya mdomo, ulimi, koo na umio. Na moshi wa siga ni mwingi, unakaa kwenye mapazia, kwenye kitenge cha mama na kwenye nepi za mtoto.

Ndiyo maana siga iliyokaza inamhusu hata asiyevuta. Mtu anayepambana nayo anaiwasha mara tano, anaizungukia saa nzima na nusu, na muda wote huo yule aliyekaa naye anapumua moshi wake. Kama mkeo ni mjamzito, au mna mtoto mchanga ndani, barazani hapatoshi. Nenda mbali na madirisha, au usiiwashe kabisa. Baa na ukumbini nako kuna sheria: Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inazuia kuvuta kwenye maeneo ya umma. Mshenga asije akakukuta unabishana na mlinzi kwenye sendofu ya dada yako.

Kinamama, na ninyi nawasemesha. Ukimwona anahangaika na siga yake mbele ya wageni, usimchome kwa maneno pale pale. Mpe glasi ya maji, mwite pembeni, mwambie, "Mume wangu, iweke chini, tutaijaribu wiki ijayo ikikauka." Heshima yake imebaki, na nyumba imepona moshi. Na baba, ukiambiwa hivyo, iweke chini kweli. Mwanamume hapungukiwi kwa kuacha siga isiyovutika. Anapungukiwa akizimia mbele ya baba mkwe.

Kuna wanandoa waliokubaliana kwamba siga ni ya siku tatu kwa mwaka: kuzaliwa mtoto, kupanda cheo, na siku yao ya ndoa. Basi. Wengine wameamua sanduku la shemeji libaki pambo kabatini. Yote ni maamuzi ya watu wazima, mradi mmekaa mkazungumza.

Kwa hiyo ukipewa siga mwezi wa pili ukiwa Itumba, ishukuru, ibonyeze, na kama ni laini iweke kwenye kisanduku chake pakavu. Mvua ina mwisho. Kuni mbichi hazilazimishwi kuwaka, zinasubiriwa zikauke. Na kama kufikia hapo utakuwa umeshaghairi kuivuta, aliyekupa hatakudai risiti.