SELFU YA PIKIPIKI: IJUE NJIA YA UMEME WAKE



Katika vijiji vya Shinyanga na Geita pikipiki ni chombo cha kila siku. Inabeba abiria na magunia ya mpunga. Inawapeleka wachimbaji Nyarugusu na Rwamagasa. Usiku inampeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Pikipiki ikikataa kuwaka, kazi inasimama. Pengine hata maisha ya mtu yanakuwa hatarini.

Wako watu wenye pikipiki za zamani zilizolala ghalani kwa miaka mingi. Sasa wanataka kuzifufua. Wanapaka rangi, wananunua betri mpya, lakini selfu haizunguki. Je, tatizo ni nini? Mara nyingi mota si mbovu. Waya ndizo zimeunganishwa vibaya. Mwenye pikipiki asiyejua jambo hili hununua mota mpya bure. Tujifunze ili tusipoteze fedha.

Kiki na selfu

Injini haiwezi kuanza yenyewe. Lazima kwanza izungushwe. Ukipiga kiki, unaizungusha kwa nguvu ya mguu. Ukibonyeza kitufe cha selfu, mota ndogo ya umeme inaizungusha kwa nguvu ya betri.

Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye selfu. Aliyeibuni ni Charles Kettering. Kabla ya hapo watu waliwasha magari kwa kuzungusha chuma kwa mkono, na chuma hicho kiliweza kurudi nyuma na kuvunja mkono. Mwaka 1914 kampuni ya Indian, ya Marekani pia, ilitengeneza pikipiki yenye selfu. Haikufanikiwa, kwa sababu betri za wakati ule hazikuiweza kazi hiyo. Hapo tunapata fundisho la kwanza: selfu bila betri nzima si kitu.

Kabla hujaanza kazi, chunguza pikipiki yako. Pikipiki nyingi za zamani ziliundwa kwa kiki peke yake. Injini yake haina nafasi ya mota wala gia za selfu. Pikipiki ya namna hiyo huwezi kuipa selfu kwa kuongeza waya tu. Angalia pia betri. Baadhi ya pikipiki za zamani zilitumia volti 6. Za siku hizi hutumia volti 12. Usiweke betri ya volti 12 kwenye pikipiki ya volti 6 bila kubadilisha vifaa vyake. Utaunguza taa na vitu vingine.

Njia mbili za umeme

Umeme wa selfu una njia mbili. Ukizielewa hizo, umeelewa karibu yote.

Njia ya kwanza ni nene. Mota ya selfu hula umeme mwingi. Tulinganishe. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye betri ya volti 12 hutumia karibu ampea 3. Mota ya selfu hutumia makumi ya ampea kwa mara moja. Kwa hiyo waya wake lazima uwe mnene, ukiwa na ganda lake ukaribie unene wa kalamu ya risasi. Umeme hutoka chanya ya betri, hupita kwenye rilei, huingia kwenye mota. Kisha hupita kwenye chuma cha injini na kurudi hasi ya betri kwa waya wa ethi.

Njia ya pili ni nyembamba. Umeme mdogo hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na kitufe cha selfu, kisha hufika kwenye rilei. Katika pikipiki nyingi hupita pia kwenye swichi ya klachi au ya gia. Swichi hiyo huzuia pikipiki isiruke wakati gia imeingia.

Rilei ni kama mlinzi wa lango. Umeme mdogo wa kitufe unamwamuru, naye anafungua lango la umeme mkubwa. Bila rilei, umeme mkubwa ungepita kwenye kitufe na kukiunguza.

Jinsi ya kuunganisha

1. Fanya kazi mahali penye hewa. Funga petroli. Usivute sigara. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

2. Fungua kwanza waya wa hasi wa betri. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, cheche kubwa itatokea.

3. Safisha mahali pa ethi. Hapa ndipo wengi hukosea wanapofufua pikipiki ya zamani. Rangi mpya haipitishi umeme. Kutu nayo huuzuia. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga bolti ikaze, kisha paka grisi kidogo juu yake ili maji yasiingie.

4. Funga waya mnene kutoka chanya ya betri hadi upande mmoja wa rilei. Funga mwingine kutoka upande wa pili hadi kwenye mota.

5. Unganisha waya nyembamba za rilei. Usiamini rangi za waya peke yake. Katika pikipiki nyingi za mtindo wa Honda waya wa kijani ni ethi, lakini kampuni nyingine zina rangi zao. Tena, pikipiki ya zamani imepita mikononi mwa mafundi wengi. Pima kwa taa ndogo ya kujaribia.

6. Pitisha waya mbali na ekzosi. Angalia sana pale usukani unapogeukia. Waya zikisuguana na chuma, ganda litakatika. Kumbuka kwamba katika pikipiki nyingi waya mnene wa selfu haupiti kwenye fyuzi. Ukigusa fremu, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto.

7. Funga waya wa hasi mwisho. Hakikisha gia haijaingia. Kisha bonyeza kitufe.

Sikiliza pikipiki inasema nini

Kimya, na taa haziwaki: angalia fyuzi na vichwa vya betri.

Kimya, lakini taa zinawaka: angalia kitufe, swichi ya klachi au ya gia, na waya nyembamba za rilei.

"Tik-tik-tik" ya haraka: betri haina nguvu, au kiungo kimoja kimelegea au kina kutu.

"Tak" moja, mota haizunguki: huenda rilei imeungua ndani, au kaboni za mota zimekwisha. Kaboni ni vitu vidogo. Uliza kwanza kama zinapatikana kabla ya kununua mota nzima.

Mota inalia, injini haizunguki: kosa si la umeme. Gia za selfu zimekwisha.

Injini inazunguka lakini haiwaki: selfu ni nzima. Tafuta kosa kwenye petroli au plagi.

Mambo ya kuepuka

Usiweke waya au karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi hukatika ili pikipiki isiungue. Ukiizuia isikatike, waya ndizo zitakazowaka, na tangi la petroli liko juu yake.

Usishikilie kitufe zaidi ya sekunde 5. Pumzisha mota kidogo ndipo ujaribu tena.

Usifunge redio kubwa na taa nyingi za urembo, kisha ukalalamika kwamba betri haidumu. Kila kimoja kinakula kutoka chungu kile kile.

Maji ya betri ni asidi. Yakigusa ngozi au jicho, osha mara moja kwa maji mengi safi. Kwa jicho, nenda pia kituo cha afya.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiungo kilicholegea leo hukazwa kwa spana. Kikiachwa, kitaunguza rilei, kisha kitaharibu betri. Na siku ya kuharibika huenda ikawa usiku, barabarani, ukiwa na mgonjwa nyuma yako.

Maswali ya kujadili darasani

1. Taja njia mbili za umeme wa selfu. Kwa nini moja ni nene?
2. Kwa nini tunafungua hasi kwanza na kuifunga mwisho?
3. Pikipiki imepakwa rangi mpya na betri ni nzima, lakini selfu inasema "tik-tik-tik". Utaanza kuangalia wapi?
4. Taa ina wati 24 na betri ina volti 12. Inatumia ampea ngapi? Gawa wati kwa volti.