Kamba ya nanga, si uchungu

Mhubiri mgeni akituambia kwa Kiingereza tushikilie «to the bitter end», mkalimani hutafsiri mara moja: mpaka mwisho mchungu. Waumini wanaanza kuogopa mateso, kumbe jambo lenyewe ni kamba.

Meli za zamani za Uingereza zilikuwa na nguzo fupi, nene, zilizoitwa «bitts». Kamba ya nanga ilizungushwa hapo. Ile sehemu iliyobaki ndani ya meli, nyuma ya nguzo, ndiyo mwisho wa «bitter». John Smith aliieleza katika kitabu chake cha mabaharia cha mwaka 1627. Penye kina kirefu mabaharia waliachia kamba, wakaachia tena. Ikifika mwisho ule, hakuna ya kuongeza.

Mkalimani hakukosa kabisa, maana wataalamu wengine wanaona Mithali 5:4, penye mwisho mchungu kama pakanga, ilichangia kueneza msemo huo. Waingereza wenyewe leo husikia uchungu tu. Lakini mhubiri akihimiza watu wasiache kuomba, ndugu mkalimani, sema: mpaka kamba iishe.