Biashara Ndogo ya Mpakani: Pesa Hupotelea Wapi?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani methali hii ilitungwa kwa ajili yetu sisi watu wa Busia, maana hapa ni nadra kukosa jirani anayeuza kitu alichokitoa upande wa Uganda. Hata jina la bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu wetu, enzi za baiskeli, vijana walipokuwa wakivusha abiria kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Mimi sina biashara. Shangazi yangu ndiye anayo, ya maharagwe na njugu, na ndiye anayenilipia karo. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, jioni huwa karani wake. Hesabu yake ikienda mrama, anayerudishwa nyumbani kufuata karo ni mimi, kwa hivyo nimejifunza mambo haya nikiwa na sababu.

Jambo la kwanza ni kubadilisha pesa. Watu wengi huogopa ushuru, kumbe mwizi mkubwa yuko kwenye noti. Tuseme bei ya siku hiyo ni shilingi 28 za Uganda kwa shilingi moja ya Kenya. Unamwendea mbadilishaji wa barabarani na shilingi 20,000 zetu, anakupa 27 kwa kila moja. Unapata 540,000. Halafu unakuta bidhaa hakuna, unarudi kwake, naye sasa anataka 29 ili akurudishie moja ya Kenya. Unatoka na 18,621. Umepoteza 1,379 na hujanunua hata punje moja ya maharagwe! Bado sijataja noti bandia, wala wale wanaohesabu upesi upesi mpaka macho yako yanachoka.

Kwa hivyo shangazi huuliza bei mahali zaidi ya pamoja, benki na kwenye maduka ya kubadilisha fedha yenye leseni, kisha hubadilisha kiasi cha mzigo tu. Kinachobaki cha Uganda hakirudishi. Hukiweka kwa safari ijayo. Na katika daftari nimemchorea safu mbili, moja ya pesa za Kenya na nyingine ya Uganda, na pembeni naandika bei ya kubadilishia ya siku hiyo. Bila ile bei ya pembeni huwezi kujua kama gunia limeleta faida au limekula mtaji. Nauli, mbebaji na chai ya njiani pia huandikwa. Chai hasa! Watu huisahau.

Sasa ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina umoja wa forodha tangu mwaka wa 2005. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha inayokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hujaziwa cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa zimetoka wapi. Cheti hicho hutolewa na maofisa wa forodha pale pale mpakani, na ukiwa nacho hulipi ushuru wa forodha. Usidanganyike lakini kwamba hulipi chochote kabisa, kwani kodi na ada nyingine zinaweza kuwepo kulingana na bidhaa. Vyakula navyo hukaguliwa. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba sumu hiyo isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa hivyo anayenunua nafaka zenye unyevu kwa kuwa ni rahisi, ajue anajinunulia taabu.

Kuna wanaosema foleni ni ndefu, heri njia za panya. Jirani mmoja wa shangazi pale sokoni alipita huko usiku na magunia matatu. Yalikamatwa yote, na hakuwa na karatasi hata moja ya kumtetea. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwaka wa 2018, mtu husimama mara moja tu, upande anaoingia. Na tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Sasa kichakani mtu anatafuta nini?

Nimalizie na benki. Mwaka wa 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba. Mwezi wa Juni mwaka huo huo benki kuu za Uganda na Tanzania zilisimamisha ubadilishaji wa pesa zetu. Hebu fikiria mtu aliyekuwa ameficha mtaji wake wa noti za Kenya kwenye godoro upande wa pili! Pesa zilizo katika benki ya Kenya zina bima ya hadi shilingi 500,000 kwa kila mwekaji katika kila benki. Godoro halina bima.

Pesa za simu pia ni nzuri, ila tazama makato kabla ya kutuma nje ya nchi, na usiweke mtaji kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki. Mkikosana, itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba pesa ni zako. Shangazi ana akaunti ya biashara peke yake, mbali na pesa za unga na mafuta ya taa. Kila Ijumaa hupeleka mauzo, na karatasi ya benki naibandika kwenye daftari kwa gundi. Kuifungua alitakiwa kitambulisho, namba ya PIN ya kodi na picha. Sisi tulio chini ya miaka 18 hufunguliwa na mzazi au mlezi.